Aliyenifundisha Kusoma Haoni Tena

Mpendwa Shangazi, shikamoo. Naomba msaada wako maana yamenifika shingoni na mtu wa kumwambia sina, kwa sababu kila ninayemfahamu hapa kwetu amefundishwa na huyu ninayetaka kukueleza habari zake, kuanzia mume wangu, muuguzi wa zahanati, hadi mwenyekiti wa kamati yetu ya shule, na nikimfungulia mdomo mmoja wao leo, kesho mtaa mzima utakuwa unanitazama kama mtu aliyemtukana mama yake mzazi hadharani.

Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi, ile ile niliyosoma nikiwa mtoto, na darasa la kwanza linafundishwa na mwalimu aliyenifundisha mimi. Watoto wanamwita Bi Chaki, nasi tulimwita hivyo hivyo, kwa sababu vumbi la chaki halikuwahi kumtoka kwenye nywele, na sasa nywele zenyewe zimekuwa nyeupe kiasi kwamba huwezi kujua chaki iko wapi. Umri wake wa kustaafu ulishapita, lakini walimu ni wachache, kamati ikamwomba aendelee mwaka hadi mwaka, na kila mwaka anayesimama mbele ya kamati akasema huyu mama bado anafaa, abaki, ni mimi.

Nisikuchoshe, Shangazi, lakini lazima ujue huyu mama ni nani kwangu. Nilirudishwa darasa la kwanza, na hata mara ya pili herufi zikawa hazikai kichwani, nikiishika hii ile inaponyoka, hadi baba akasema kichwa changu ni jiwe, bora nikae nyumbani nimsaidie mama kazi, na Bi Chaki alipopata habari akaja kwetu kwa miguu mchana na jua lake, akakaa kizingitini bila kungoja kiti, akamwambia baba, "Mzee, niachie huyu mpaka shule ifungwe. Asiposoma, nitamrudisha mwenyewe na nitakuomba radhi mbele ya mkeo." Baba hakuwa mtu wa kujibiwa na mwanamke mlangoni kwake, lakini aliniachia niende. Basi akawa ananibakiza darasani wenzangu wakicheza, anakata herufi kwenye maboksi ananipa nizipapase kwa vidole, chai yake inapoa juu ya meza hadi inafanya utando, na siku niliyosoma neno langu la kwanza alitoka mbio kumwita mwalimu mkuu wa wakati ule aje asikie, nami nikalisoma tena, "sabuni", nikiwa nimeshika karatasi yenyewe ya sabuni.

Hiyo karatasi ndiyo ilikuwa desturi yake. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kwenda darasa la pili kabla ya kumsomea kitu ambacho hajawahi kukiona, iwe karatasi ya sabuni, boksi la kiberiti, au kipande cha gazeti kilichofungiwa misumari dukani. Sisi tuliogopa karatasi hizo kuliko fimbo. Yeye alikuwa anasema, "Kitabu cha shule mtoto anaweza kukikariri. Karatasi ya dukani haina huruma."

Sasa, Shangazi, karatasi za dukani zilikoma, na mimi niliona zilipokoma, nikajiambia amechoka, ni umri. Halafu akaanza kuniambia darasa lake lina giza, nikabadilisha balbu, nikabadilisha tena nikaweka kubwa zaidi. Akasema ubao umechakaa, nikaupaka rangi. Nikapaka chokaa kuta, nikakata matawi yaliyoziba dirisha, na siku moja tulipokuwa tunashuka ngazi za ofisini akanishika mkono akacheka akasema, "Mwanangu, hii ngazi imeongezeka lini?" nami nikacheka naye, na moyoni nilijua kwamba ngazi haijaongezeka.

Siku niliyojua bila kubaki na pa kujificha niliingia darasani kwake kutafuta kiti. Watoto walikuwa wamesimama wanasoma kwa zamu, na yeye amekaa nyuma, kichwa kimeinama kidogo, uso umejaa raha. Msichana wa mbele alikuwa anasoma vizuri ajabu, sauti imenyooka, anapumzika kwenye nukta, anafungua ukurasa pale pale unapokwisha, na kitabu amekishika juu chini. Kwanza nilitaka kucheka. Nikainama nikakigeuza, nikamwekea kidole kwenye neno la katikati nikamuuliza kwa kunong'ona, "Hili ni neno gani?" Mtoto akalitazama, akanitazama, akaanza ukurasa wote kutoka mwanzo, mbiombio, ili alifikie. Nikamuuliza na wa pili, na wa tatu, ikawa hivyo hivyo, kumbe Bi Chaki anawasomea kitabu kutoka kichwani mwake, maana anakijua chote, nao wanakipokea kwa masikio, na kwa kuwa haoni kitabu cha mtoto, anaposikia maneno yamekuja yote sawasawa anaamini wanasoma. Nilipoinuka akaniambia kutoka kule nyuma, "Umewasikia wanangu?" Nikamjibu, "Nimewasikia, Mwalimu."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema, sikusema. Badala yake nikaanza kumfunika. Madaftari ya watoto wake nikawa nayachukua "nikusaidie, Mwalimu, una mengi", nikawa nayasahihisha mwenyewe. Mwaka ulipokwisha watoto wakavukia darasa la pili, wengi wao hawajui kusoma, na mwalimu wa darasa la pili, kijana mmoja asiye na maneno mengi, akaja ofisini akaniambia, "Mkuu, hawa watoto hawasomi, wanaimba." Nami, Shangazi, nikamkaripia, nikamwambia ana kiburi, kwamba yeye alipokuwa ananyonya, huyu mama alishakuwa anafundisha, na kama hawawezi kusoma kwake basi ajitazame yeye. Siku hizi namwona anabakia na watoto wale baada ya kengele, na akipita mbele yangu ananisalimia vizuri tu, na salamu yake inanichoma kuliko matusi.

Lakini kilichonifanya nikuandikie ni mama mmoja mshonaji, ambaye mwenyewe hakusoma, na binti yake ndiye yule wa kitabu cha juu chini, ambaye sasa yuko darasa la pili. Alikuja wiki iliyopita na chupa ya dawa ya kikohozi mkononi, akaniambia mdogo wake huyo binti anaumwa, na muuguzi alimweleza vijiko vingapi lakini alipofika nyumbani akasahau, basi akaona si neno, nyumbani nina msomi. "Nikamwambia nisomee hapa mama, mdogo wako anywe vijiko vingapi. Akaishika chupa vizuri kabisa, Mwalimu, akaniambia paka amekaa juu ya meza, meza ni ya baba. Nikacheka. Halafu nikaona hatanii." Akanikazia macho, akaniuliza polepole, "Mwanangu anasoma au ananiimbia?"

Nikamwambia, "Anasoma, mama. Watoto wana utani. Mpe muda."

Akanishukuru. Ndiyo, Shangazi, alinishukuru, akasema alijua tu, maana mwanawe amepita mikononi mwa Bi Chaki, akaenda zake, na alipokwisha kupita geti ndipo nilipokumbuka kwamba hata ile chupa sikumsomea.

Sasa kamati inakaa mwisho wa mwezi huu, na kama kawaida wataniuliza Bi Chaki abaki au apumzike, na najua wanachotaka kusikia, maana mwenyekiti kashanitania kwamba huyu mama akitoka basi tufunge shule tufuge kuku. Nikisema abaki, watoto wengine wataingia darasa lile. Nikisema atoke, nitamuua nikiwa namtazama, kwa sababu hana kitu kingine duniani, anaishi peke yake, wanawe wako mbali, na kazi hii ndiyo inayomwamsha asubuhi. Na watu watasema nimemtupa aliyeniokota. Nimejuta kwa nini niliuchukua huu ukuu, nimejuta siku ile darasani, na zaidi ya yote nimemjutia yule mama na chupa yake. Nifanye nini, Shangazi? Mtu anamwambiaje mwalimu wake kwamba imetosha?

Ni mimi,
Mwalimu Mkuu Mwenye Majuto

*

Mwalimu Mkuu, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa huruma, ya pili kwa hasira, na sasa nakujibu nikiwa na zote mbili, kwa hiyo kaa vizuri.

Huruma kwanza, maana unaistahili. Hakuna anayekua mbele ya mwalimu wake wa darasa la kwanza. Kwa wengine wewe ni mkuu, una ofisi na kengele, lakini huyo mama akikohoa tu mlangoni unatafuta pa kuweka mikono. Kumwambia mtu kama huyo jambo la kumuumiza si kazi ya mchezo, na waliosema ni rahisi hawajawahi kujaribu. Pole sana, mwanangu. Nasema kwa moyo.

Sasa tumkome nyani giladi. Unaniambia unamficha kwa heshima. Heshima gani hiyo? Umekuwa ukila na kipofu bila kumgusa mkono, sawa, una adabu, lakini sahani mnayokula ni ya watoto wa watu. Umevaa miwani ya mbao mchana kweupe, ukamvisha na kijana wa watu aliyekuja kukuambia ukweli. Unachoogopa wewe si kumuumiza Bi Chaki peke yake. Unaogopa mwenyekiti, unaogopa mumeo, unaogopa kuitwa punda wa asante ya mateke. Hofu hiyo naielewa, ila usiiite heshima.

Tena kuna neno moja nimelitafuta katika barua yako yote, juu hadi chini, sikuliona. Umebadilisha balbu mara mbili. Umepaka rangi ubao, umepaka chokaa kuta, umekata matawi, umesahihisha madaftari ya darasa zima. Daktari wa macho yuko wapi? Hivi kweli, mwalimu mzima, umehangaika na dirisha, ukamwacha mwenye macho? Huenda ni mtoto wa jicho, na huyo hutolewa, na mtu akarudi kuona uso wa mjukuu wake. Huenda ni ugonjwa mwingine, unaokula macho kidogo kidogo, na unachokula haurudishi. Mimi si daktari, nawe si daktari, ndiyo maana wapo. Umemfunika vizuri mno hadi huenda hata watoto wake wa kuzaa hawajui kama mama yao anapapasa ngazi. Huo muda wote uliopita, kama ulikuwa muda wa kumtibu, umempotezea wewe uliyempenda. Samahani, lakini ilibidi nikuambie.

Mkumbuke kizingitini kwenu. Angeweza kumheshimu baba yako, akanywa maji, akaaga. Alichagua kumkera mzee mwenye nyumba kwa ajili ya mtoto mmoja ambaye wote walishamkatia tamaa. Wewe una darasa zima, na uwanja wa shule umekushinda kuuvuka.

Basi fanya hivi, na uanze ukimaliza kusoma gazeti.

Nenda kwa huyo mshonaji kwanza. Usimwite ofisini, ofisi yako imeshamdanganya mara moja. Nenda kwake, msubiri amalize mshono, umwambie: mama, mwanao hajui kusoma, kosa si lake wala si lako, nilijua, nikakudanganya, naomba radhi, na nitahakikisha anasoma. Umuulize mtoto mgonjwa anaendeleaje. Ile chupa muisome pamoja hata kama dawa imeisha. Akikufokea, nyamaza. Na kama atakusamehe haraka, usijipongeze njiani, watu wanyonge wamezoea kusamehe.

Kisha yule kijana wa darasa la pili. Huyo mwombe radhi mbele ya walimu wenzake, kwa kuwa naamini ulimkaripia hadi wakasikia. Usianze na "unajua wakati ule nilikuwa na mambo mengi". Sema ulimwonea. Halafu kaa naye muwapime watoto wote waliopita kwa Bi Chaki tangu karatasi za dukani zikome, mjue nani anasoma na nani anaimba, na hicho kibarua cha baada ya kengele msimwachie peke yake. Shika chaki, nawe ni mwalimu. Wapo watakaokuwa wamechelewa, Mwalimu Mkuu. Mwaka wa mtoto wa darasa la kwanza haurudi, na hilo utaishi nalo.

Halafu nenda kwa Bi Chaki. Nenda kabla ya kamati, wala usithubutu kumwacha asikie kwa mwenyekiti. Nenda peke yako, kwake, siku ya mapumziko, mchana. Usimpelekee kitenge wala keki, asije akadhani mnamzika. Usianze kwa kumsifu, maana walimu wa zamani wakisifiwa sana wanajua kuna jambo linakuja, na utakuwa unampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Na usianze na macho yake. Ukianza na macho atakuambia macho ni mazima, ni balbu zenu, na mtabishana hadi jioni.

Anza na watoto. Mwambie, "Mwalimu, watoto wetu hawasomi. Wanakariri." Kisha nyamaza. Huyu ni mtu aliyekuwa akiwategea watoto karatasi za sabuni ili asidanganyike. Hakuna mtu duniani atakayeielewa sentensi hiyo haraka kuliko yeye, na ninavyoona mimi, hakuna atakayekuwa upande wako upesi kama yeye, ikiwa utamruhusu kuumia kwanza. Sina hakika kama alikuwa hajui. Huenda alikuwa anajua nusu, akikungoja wewe, kwa sababu wewe ndiye mkuu wake na wewe ndiye mwanawe. Akitaka kusikia mtoto akisoma kitabu asichokijua, mletee mtoto, asikie kwa masikio yake jinsi kunavyokuwa kimya.

Darasa aliache. Hapo sikupi njia ya katikati, usinitafutie. Usimwambie apumzike wiki mbili, usimpe msaidizi wa kumshikia kitabu huku jina la mwalimu likibaki lake. Akishatibiwa, macho yakirudi, kamati itajua la kufanya. Yasiporudi, atakuwa na mengi ya kuwafundisha walimu wako vijana, maana mtoto anayesemwa kichwa chake ni jiwe hawajui wamfanye nini, na yeye anajua. Lakini hilo alitake yeye, siyo ulibuni wewe ili usingizi wako uwe mzuri. Hospitali mpeleke mwenyewe, umshike mkono ngazini, na wanawe uwapigie simu siku hiyo hiyo. Kamati uwape sentensi moja tu: Bi Chaki haoni ubao, nilijua, nikawaficha. Mwenyekiti akitaka kufuga kuku, afuge.

Atalia, Mwalimu Mkuu. Au hatalia, atakaa kimya, na kimya cha mwalimu unakijua. Usijaze kile kimya kwa maneno. Usimwambie mbona kila mtu anazeeka. Kaa naye hapo hapo, chai ipoe, jua lizame, wa nyumbani kwako wakutafute. Huenda asitake kukuona baada ya siku hiyo, na una haki ya kusikitika, ila huna haki ya kulalamika.

Na kuna swali moja atakuuliza, nakuapia atakuuliza, maana walimu hao hawaachi kusahihisha. Atakuuliza umejua tangu lini. Mtajie siku yenyewe, usipunguze hata moja.